Yannick Noah: kamari iliyolipa Lyon ikagoma Lille

Nahodha wa Davis Cup, kombe la tenisi la timu za mataifa, hapigi mpira hata mmoja, lakini anakaa uwanjani kando ya mchezaji wake na kuongea naye kila wanapobadilishana upande. Muda wenyewe ni dakika moja na nusu, ambao hautoshi kumfundisha mtu bekihendi, pigo la upande wa nyuma ya mkono. Uamuzi mzito hufanyika kabla: nani acheze mechi za ufunguzi, ambazo enzi hizo zilichezwa Ijumaa.

Hapo ndipo Noah, nahodha wa Ufaransa na bingwa wa Roland Garros 1983, alipojijengea jina. Fainali ya 1991 jijini Lyon, dhidi ya Marekani, alimpanga Henri Leconte, wa 159 duniani, aliyepasuliwa mgongo mwaka uleule. Leconte akamfunga Pete Sampras 6-4, 7-5, 6-4, na Ufaransa ikalibeba kombe baada ya kulisubiri miaka 59. Noah akalitwaa tena 1996 na 2017.

Wanaombeza huanzia hilo la 2017: Japani ilicheza bila nyota wake Nishikori, Uingereza bila Murray, Serbia bila Djokovic. Ni kweli, njia ilikuwa nyeupe. Lakini kwenye fainali, yenye mechi nne za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili, Goffin wa Ubelgiji alishinda mechi zake zote mbili, kwa hiyo mechi ya wawili wawili ndiyo iliyobeba uzito. Noah akamwacha Mahut, mwenza wa kawaida wa Herbert aliyetwaa naye Wimbledon 2016 ya wawili wawili, akamweka Gasquet acheze na Herbert. Wakashinda kwa seti nne, na fainali ikaisha 3-2. Huwezi kuuita uamuzi huo bahati.

Mwaka uliofuata, Lille dhidi ya Kroatia, alirudia ya Lyon: alimpanga Tsonga, wa 259 duniani, akitoka kwenye upasuaji wa goti. Akapoteza kwa Cilic seti tatu bila. Mchezaji majeruhi hakuwa kosa peke yake. Kosa lilikuwa kumpanga majeruhi juu ya udongo, uwanja uliochaguliwa na wenyeji wenyewe. Lyon palikuwa na uwanja wa kasi, pointi fupi, mgongo wa Leconte ukapumua. Udongo hurefusha pointi na kudai magoti. Isitoshe, Sampras alikuwa anacheza Davis Cup kwa mara ya kwanza, ilhali Cilic alishaonja machungu ya kupoteza fainali ya 2016.

Pouille, aliyekuwa juu kuliko wenzake wote wa kikosi cha Ufaransa kwenye orodha ya dunia, alikaa benchi hadi Jumapili. Naye Cilic akamfunga seti tatu bila, jambo ambalo wakosoaji wa Noah hulitaja kwa nadra.