Mtoto adadisi kwa lugha gani?

Ubishi kuhusu shule za msingi za kimataifa karibu kila mara huanzia kwenye daftari. Mzazi analifungua, anakuta michoro, vishale na maswali yasiyo na majibu, mazoezi ya hesabu ya kuhesabika kwa vidole, anaanza kujiuliza ada yake inakwenda wapi. "Wanacheza tu." Sitakaa hapo sana. Mtaala wa msingi wa International Baccalaureate, shirika la mitaala ya shule za kimataifa, ulioanzishwa mwaka 1997 kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, umejengwa makusudi juu ya udadisi: mada 6 zinazovuka mipaka ya masomo, na mwaka wa mwisho watoto huchagua suala, hulichunguza na kuliwasilisha mbele ya hadhara. Wakosoaji nao wana hoja nzito. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika kwamba anayeanza kujifunza jambo, akiachwa alivumbue mwenyewe bila mwongozo wa kutosha, huambulia kidogo. Mwalimu aliyeiva anajua lini amwachie mtoto na lini amshike mkono, na ubishi huo kwangu umekwisha.

Linaloninyima raha ni lugha. Kudadisi ni kuuliza, na mtoto hawezi kuuliza lile asilo na maneno yake. Katika darasa la kizamani mtoto asiyeielewa vizuri lugha ya kufundishia angeweza kunakili ubaoni, akakariri, akapita. Katika darasa la udadisi hana pa kujificha. Anatakiwa akisie, apinge, aseme "lakini vipi kama…", tena kwa lugha ambayo pengine ana miezi minane nayo. Wazazi wanaodai lugha ya nyumbani ipewe nafasi shuleni huonekana washamba, kana kwamba wanaogopa dunia. Nadhani hawajaeleweka.

Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunaviita kwa jina moja: lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza mtoto mgeni huipata kwa takriban miaka 2. Ya pili, ile ya kulinganisha, kutoa sababu, kuandika maelezo ya jaribio la sayansi, humchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake waliozaliwa nayo. Hebu piga hesabu. Aliyeingia akiwa na miaka 5 anaweza kuwa ana 12 ndipo anakaa sawa, yaani anakaribia kuiaga shule ya msingi. Na mtego wenyewe uko kwenye ule mwaka wa 2. Hapo anapiga soga uwanjani, anatania, lafudhi imenyooka. Nyumbani wanafurahi, shule inamwondolea mwalimu wa msaada. Miaka mitatu baadaye anaitwa mvivu.

Utasema dawa ni kuwahi, aanze mapema. Mtafiti Virginia Collier aliwachunguza watoto wahamiaji nchini Marekani, na mwaka 1987 akaripoti kwamba waliofika wakiwa na miaka 8 hadi 11 waliishika lugha ya masomo upesi kuliko waliofika na miaka 5 hadi 7. Wale wakubwa walikwisha kujifunza kusoma na kufikiri kwa lugha yao, wakahamia na mzigo huo ukiwa tayari umefungwa.

Upande wa pili una ushahidi wake, tena mzuri. Mwaka 1965 huko St. Lambert, Quebec, nchini Canada, watoto wa wazazi wanaosema Kiingereza waliingizwa darasani kwa Kifaransa tangu chekechea, wakatoka wanakijua, na Kiingereza chao hakikupungua. Kwa nini basi isiwe hivyo kwa wengine? Ni kwa sababu Kiingereza hakikuwa kinawindwa na mtu: kilikuwa barabarani, redioni, kazini, na baadaye kikawa somo shuleni. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake hudharauliwa hadi na mlinzi wa geti hana kinga hiyo. Hoja nyingine inanipa shida zaidi: darasa moja linaweza kuwa na lugha kumi na tano, na hakuna shule itakayoajiri walimu kumi na tano. Pia kuna familia zinazohama kila baada ya miaka mitatu. Kwao lugha moja isiyobadilika darasani ni nusura.

Hata hivyo, walioanzisha shule hizi za kimataifa hawakudhani lugha moja inatosha. Shule ya kimataifa ya Geneva, iliyofunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, na Shirika la Kazi la Kimataifa, iliendeshwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtaala wenyewe niliotaja unataka mtoto apate nafasi ya kujifunza zaidi ya lugha moja, tena aanze kabla hajapita umri wa miaka 7.

Na si lazima kuajiri walimu kumi na tano. Mtoto anaweza kuruhusiwa kuandika rasimu ya uchunguzi wake kwa lugha ya kwao, kumhoji bibi yake kwa lugha hiyo, kisha kuja kueleza darasani. Hilo halina gharama. Lenye gharama ni ule ushauri ambao bado hutolewa kwa nia njema kwenye vikao vya wazazi: "Nyumbani zungumzeni Kiingereza tu." Mama anayekijua nusunusu anatii. Jioni, badala ya kusimulia kisa kirefu chenye kwa nini na lakini, anamwambia mwanawe kula, oga, lala.