Mjomba, Nipangie Kozi

Waheshimiwa, mimi nauza nafaka Majengo, hapa hapa Dodoma. Sina digrii, wala sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Sasa leo asubuhi vumbi halijatua, mpwa wangu kanitandazia karatasi juu ya mizani: "Shikamoo mjomba, nisaidie kupanga kozi za mwaka wa kwanza, wewe si ndiye mfanyabiashara wa ukoo?"

Nikavaa miwani, nikakohoa kama mwenyekiti wa kikao. Uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, menejimenti, stadi za mawasiliano, kompyuta. Mwaka mzima krediti 120, kila krediti saa 10. Saa 1,200! Saa hizo mimi nimeshadhulumiwa na madalali, nikafilisika, nikainuka tena.

"Ni pamoja na za kujisomea, mjomba."

Kujisomea wapi, na hilo geto mmebanana na jirani ana spika?

Basi nikauliza swali la kistaarabu tu: debiti ndiyo nini? Binti kasoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu huko sekondari, hakupepesa jicho. "Fedha taslimu ikiingia dukani, unadebiti."

Ikiingia? Nikatoa simu, nikamfungulia ujumbe wa benki. Wamenikata makato yao, wameandika debiti. Wamenikata! Nilipoweka fedha ndipo wakaandika krediti.

"Hapo benki wanaandika kwa upande wao. Ukiweka fedha kwao, wanadaiwa na wewe."

Wanadaiwa na mimi? Mbona nikienda kudai napanga foleni mimi, naonyesha kitambulisho mimi, na nakatwa mimi? Nimekopesha maharage mtaa mzima huu, sijamkata mdeni hata senti kwa kuja kunilipa!

Mama mmoja aliyekuja kuchukua unga wa mkopo akasogea. "Kwa hiyo mwanangu, mimi hapa ni debiti au krediti?"

"Kwenye daftari la mjomba wewe ni debiti, mama."

Loo! Akasema kwao hajalelewa kutukanwa sokoni, akajifunga kanga, akaondoka. Na unga kaondoka nao.

Eti mambo haya yamo kwenye kitabu cha mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli, kilichochapwa Venice mwaka 1494. Mtawa! Kaapa ufukara, halafu ndiye anatupangia fedha.

Hisabati nimemwambia aikabili sasa hivi, asibebe sapu, ile mitihani ya marudio, mpaka mwaka wa pili. Kozi ya hiari nikamchagulia Kifaransa, maana wanunuzi wa Kongo hawakopi. Kumbe kipindi chake kinagongana na uchumi. Imebaki ujasiriamali, itakayofundishwa na mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Sawa.

Na hapo bumu, zile fedha za kujikimu za wanachuo, halijatoka, ila mwenye nyumba keshataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huyo alisoma kozi gani? Maji hana, mnanunua kwa dumu. Na dumu lenyewe mliangalie vizuri: wamelibonyeza tumboni makusudi, halafu muuzaji anakwambia lita ishirini. Ishirini gani? Nimemwambia muuza maji alete hapa tulimimine mbele ya mashahidi. Kanijibu, "Mzee, kama unataka lililonyooka lina bei yake."