Mtoto alale wapi kesi ikiwa haijakatwa?

Tuseme hapa Lubumbashi, Kongo, baba na mama wameachana. Baba amebaki Ruashi, mama amerudi kwa wazazi wake Katuba. Mtoto wao wa miaka sita hulala kwa baba kila Jumamosi. Siku moja anarudi kimya, hataki kuogeshwa, na mama anakimbilia parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, kushtaki kwamba baba amembaka. Baba naye anaapa: ananizulia ili aninyang'anye mtoto.

Hofu ya baba si ya bure. Kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009, kumbaka mtoto hufungwa miaka 7 hadi 20, na kiwango cha chini huongezwa mara mbili mkosaji akiwa mzazi. Tena mahakamani, kesi ya jinai husimamisha ile ya madai, kama ya malezi. Kwa hiyo mzazi anayeona kesi ya malezi inamponyoka anaweza kujipatia miezi kwa shtaka moja tu, na jina la mwenzake likishachafuka mtaani, hukumu ya kumwachilia hailisafishi.

Lakini upande wa mama unaniumiza zaidi, kwa sababu hapa Lubumbashi shtaka lake husikika kama ugomvi wa koo. Kwa Waluba, mahari ikishatolewa mtoto ni wa kwa baba. Kwa Wabemba ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Ndoa zetu zimechanganya hawa na wale, basi wazee wanakaa wakijadili mtoto ni wa nani. Aliyofanyiwa, kama alifanyiwa, hayaulizwi. "Tumalize nyumbani," wanasema, fedha zinatoka, na Jumamosi mtoto anarudishwa kulekule.

Kisha inaletwa karatasi ya daktari: hakuna jeraha. Familia ya baba inashangilia. Hapo ndipo wengi tunakosea, maana watoto wengi waliodhulumiwa kweli hawaonyeshi alama yoyote mwilini. Karatasi hiyo haimtii mtu hatiani, wala haimsafishi.

Mimi naona tumefunga maswali mawili katika fundo moja. Je, baba ana hatia? Hilo linadai ushahidi, na shaka ikibaki imfae yeye. Je, mtoto alale wapi wiki hii? Hilo linadai tahadhari tu. Sheria hiyo ya 2009 inaweka mbele masilahi ya mtoto, kwa hiyo jaji anaweza kuamua baba amwone mwanawe mchana, mbele ya asistanti sosiali (mfanyakazi wa ustawi wa jamii), bila kumwita mkosaji. Baba asiye na kosa ataumia, nakubali. Ndiyo maana siwezi kutetea hatua hiyo bila kudai pia muda uheshimiwe: sheria ya 20 Julai 2006 kuhusu mwenendo wa kesi hizi inatoa mwezi 1 wa upelelezi na miezi 3 ya kutoa hukumu. Tahadhari ya mwaka mzima ni adhabu.

Na mtoto aulizwe mara chache. Sheria inamtaka daktari na mwanasaikolojia, lakini kabla yao wameshapita bibi, shangazi, pasta na avoka (wakili), kila mmoja na swali lake. Anapofika kwa jaji anasema maneno ya watu wazima. Avoka wa baba atadai amefundishwa, na pengine kweli amefundishwa maneno, huku jambo lenyewe lilitokea. Mama wa Katuba aandike alichosema mtoto, kwa maneno ya mtoto, siku na saa, ampeleke hospitali usiku uleule, kisha asimuulize tena.