Mgonjwa wa kansa aulizwe mwenyewe, sio mwanawe

Jamani hili nataka niliseme maana kila nikija nyumbani nakuta mambo yaleyale. Mie mtu wa Pemba, naishi Uingereza miaka mingi sasa, na huku naitwaitwa kwenda hospitali kuwatafsiria wagonjwa wetu, wengi wao wa kansa. Nyumbani nikisimulia kwamba huku mgonjwa anatafutiwa na mtu wa kuzungumza nae yaliyomo moyoni mwake, watu wanasema aa hayo ya wazungu, wale hawana ndugu ndo maana. Sikubaliani kabisa.

Inavyokwenda huku ni hivi, mtu akishaambiwa ana kansa anapewa nesi wake maalum, namba ya simu anayo, na nesi huyo ndie anaemletea karatasi ilochorwa kipimajoto kama cha homa, sifuri mpaka 10, atie alama wiki hii dhiki yake imefika wapi, na pembeni kuna mambo ya kuchagua, usingizi, pesa, watoto, hofu, dini, mambo ya mke na mume. Ikifika 4 kwenda juu kwa kawaida nesi anakaa nae amuulize zaidi, anamwambia kuna mtaalamu wa saikolojia, kuna vikundi, kuna vituo vya Maggie's (cha kwanza kilifunguliwa Edinburgh 1996) unaingia tu bila ya miadi unakunywa chai yako na watu wanaojua unachopitia.

Na msidhani wazungu wote wanakubali. Wengi wanakataa, hata wenye dhiki kubwa, wanaume hasa. Na sababu zao ndo zetu sisi: ntajimudu mwenyewe, wapo wenye hali mbaya kuliko mie, nshachoka na safari za hospitali, nisije nikaonekana nna wazimu. Kwahivyo tofauti haiko kwenye kukataa. Huku anaekataa ni mgonjwa, kwetu anakataliwa na watu wengine hata hajajua kama kuna kitu cha kukataa.

Nilikwenda na bi mkubwa mmoja wa kwetu, mwanawe wa kiume kakaa pembeni. Karatasi ikaja, nikamsomea, akasema tia 2, mie sijambo alhamdulillahi. Mwanawe akatoka kwenda kulipia maegesho ya gari, mlango haujajifunga vizuri bi mkubwa kanishika mkono, mwanangu nipe hiyo kalamu. Akaikata ile 2 akatia 8. Akasema silali, usiku naogopa, na huyu mtoto nikimwambia hatokwenda kazini.

Sasa nyumbani. Majibu anapewa mtoto mkubwa ukumbini kwa sauti ndogo, na palepale inaamuliwa mama asiambiwe, itampanda presha. Anaambiwa ana uvimbe tu. Mtu hajaambiwa kama ana kansa utamuuliza vipi kama anataka kuizungumza? Halafu anapandishwa boti, maana kwa miaka mingi mgonjwa wetu anaetakiwa mionzi anavuka kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa, anakaa Dar wiki kwa wiki, anawaona wenzake kwenye benchi vichwa havina nywele, anajua kila kitu na anajifanya hajui ili awastiri wanawe, na wanawe wanajifanya ili wamstiri yeye. Nyumba nzima inastiriana na kila mmoja analia peke yake chooni.

Najua ukimtajia mtu mtaalamu wa akili anafikiria Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, na ukimwambia chumba cha nasaha anafikiria virusi vya ukimwi, jirani akimuona akitoka pale itakuwaje. Najua pia mwenye imani ana dua na kisomo, na watu wanaokuja kumkagua mpaka mkeka hautoshi, na wallahi hilo ni jambo kubwa, huku nimeona watu wanamaliza dripu zote za kemo, dawa za kansa, hakuna alobisha hodi. Lakini mbele ya watu ishirini nani atasema naogopa kufa, au mume wangu hanigusi tena tangu nikatwe ziwa? Mambo hayo yanataka mtu mmoja na mlango uliofungwa.

Na mgonjwa asidanganywe. Yapo maneno mitandaoni kwamba ukitulia moyo kansa inakimbia. Daktari Spiegel wa Marekani 1989 alitoa utafiti kwamba wanawake wenye kansa ya ziwa waliokaa kwenye kikundi waliishi zaidi, watu wakaushika sana, lakini aliporudia utafiti mwenyewe, majibu yakatoka 2007, hayo hayakuonekana kwa wagonjwa kwa ujumla. Mazungumzo yanapunguza hofu na huzuni, maisha ya kila siku yanakuwa na nafuu, na hilo linatosha kumwambia mtu ili aamue.

Mie ningependa nesi amuulize mgonjwa faraghani, na asimuulize mara moja tu, siku ya majibu mtu hasikii kitu, aulizwe tena katikati ya dawa na tena dawa zikimalizika, maana wengi ndo hapo wanapoanguka, watu wameshaacha kuja. Akisema hapana iwe hapana yake. Na wanawake waliopona kansa wapo Unguja na Pemba, wapewe mafunzo wakae na wenzao, huyo hakuna atakaemwita mzungu.

Na nyinyi mnaotuma pesa za boti na dawa kutoka huku, Oman, Kanada, mkipiga video msimuulize hujambo mama na nyumba nzima imezunguka simu. Mwambieni mjukuu ampelekee simu chumbani, atoke, afunge mlango.