Mjomba aliambiwa akae, mimi niliambiwa nirudi uwanjani

Kwetu Mombasa mtu akishapata mshtuko wa moyo, hata kama hajatimiza miaka hamsini, ameshaingizwa kwenye hesabu ya wazee. Habebi mtungi wa gesi, hapandi ngazi, haendi msikitini kwa miguu, wala haambiwi habari ya msiba mpaka maziko yapite. Kila anayeingia nyumbani humpa neno lile lile: pumzika. Wanaosema hivyo wanampenda kweli, na upendo huo nimeutamani mno huku ugenini. Lakini nasema wazi kwamba pumziko hilo lisilo na mwisho linatumalizia watu wetu, na kwamba jambo moja la kuiga kutoka huku Kanada ni namna wanavyomrudisha mgonjwa wa moyo kwenye maisha yake, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mchezo aliouacha.

Mjomba wangu ndiye aliyenifunza mpira wa magongo. Kizazi chake kilikua wakati Kenya ikitajwa duniani kwa mchezo huo: timu ya taifa ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, na Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo. Mjomba alikuwa winga, mwembamba, mwepesi, na alipozidi umri aliendelea kucheza na maveterani kila Jumapili. Kisha moyo ukamshtukia. Alitibiwa vizuri, sina lawama hata chembe. Aliporudi nyumbani mkaza mjomba akalipandisha gongo juu ya kabati, wanawe wakamnunulia kiti kizuri cha kuegemea, na hapo ndipo alipokaa. Unene ukaja, kisukari kikafuata, miguu ikaisha nguvu. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kutembea mpaka kona ya barabara leo, kesho akafika mbele kidogo. Aliishi miaka mingi hivyo, na alipokufa wengi walisema moyo ndio uliomchukua. Mimi naamini kiti kilisaidia.

Mimi naishi Ottawa. Magongo ya hapa huchezwa juu ya barafu, kwa kisahani cha mpira mgumu badala ya mpira wa duara, na watu wazima wa kawaida, walimu, madereva wa basi, mafundi bomba, hukodi uwanja wa manispaa saa nne au tano usiku kwa kuwa saa nzuri zote zimeshachukuliwa na watoto. Nilijiunga nao kwa sababu ya mjomba. Mkono ulikuwa unajua gongo tayari. Miguu ndiyo iliyochukua misimu kadhaa kuzoea barafu. Kisha nami nikapata mshtuko wa moyo, nyumbani, si uwanjani. Nikawekewa stenti, ule mrija mdogo wa wavu wa chuma unaouweka mshipa wazi.

Kabla sijaruhusiwa kutoka wodini nilishaandikishwa kwenye mpango wa mazoezi ya kurudisha nguvu za moyo. Muuguzi aliniuliza swali ambalo sijasikia mgonjwa wa moyo akiulizwa kwetu: unataka kurudi kufanya nini? Nikamjibu magongo. Akaandika. Akauliza nacheza mara ngapi kwa wiki, zamu moja uwanjani inachukua muda gani, vifaa vina uzito gani, na viatu vyangu navifungaje kamba.

Hilo la kamba lilinishangaza mpaka aliponieleza. Viatu vya barafu hufungwa kwa nguvu. Mtu anainama, tumbo linajikunja, anazuia pumzi na kuvuta kwa mikono yote miwili, tundu baada ya tundu. Kuvuta huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla. Basi hata kabla ya kukanyaga barafu moyo umeshapewa kazi. Nikafundishwa kuweka mguu juu ya benchi dogo, kuvuta huku natoa pumzi, na kupumzika kati ya mguu na mguu. Sasa nafika mapema kuliko wenzangu ili nifunge viatu bila pupa.

Katika chumba cha kubadilishia nguo niligundua siko peke yangu. Mwalimu mstaafu anayekaa karibu na mlango alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kupandikiza mishipa ya moyo. Golikipa wetu ana kifaa cha kushtua moyo kilichoshonewa chini ya ngozi, upande wa kushoto chini ya mtulinga, na alihangaika mpaka akapata kinga ya mabega ambayo mkanda wake haupiti juu yake. Watu hawa huzungumza habari za mioyo yao kwa sauti ile ile wanayozungumzia makali ya viatu, na hayo ndiyo mazungumzo niliyoyakosa nyumbani.

Na makali ya viatu ni mazungumzo marefu. Chuma cha chini kina kingo mbili, na katikati yake kuna mfereji unaochongwa na jiwe la mashine ya kunolea. Mfereji ukiwa wa kina, kingo zinauma barafu: unakata kona, unasimama papo hapo, lakini kila hatua inakula nguvu. Ukiwa wa kina kidogo, unateleza mbali kwa msukumo mdogo. Kina hicho hutajwa kwa nusu kipenyo cha duara la mfereji: nambari ikikua, kina kinapungua. Zamani nilinoa kwa nusu inchi kama wengi. Tangu niugue nanoa kwa tano ya nane ya inchi, kwa ushauri wa yule mwalimu mstaafu, na tofauti nimeiona mwishoni mwa mchezo, pale mapaja yalipokuwa yakiwaka moto. Mnoaji wa mtaa wetu hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila ukingo kabla ya kukukabidhi. Ukingo usiokwangua ukucha anaurudisha kwenye jiwe. Nyumbani unafuta chuma kwa kitambaa kikavu, la sivyo asubuhi kina kutu.

Viatu vyenyewe nilibadilisha, na sababu ilikuwa dawa. Nameza betabloka, dawa inayopunguza kasi ya mapigo, na mojawapo ya athari zake ni baridi ya vidole vya mikono na miguu. Viatu vya barafu huvaliwa vidogo kuliko viatu vya kawaida, saizi moja au moja na nusu chini, na vile vyangu vya zamani vilinibana hadi vidole vikafa ganzi. Dukani walinipa vyenye mguu mpana, wakavitia kwenye oveni maalumu vikalainika, nikavaa vikiwa na joto, nikafungiwa kamba na kukaa kimya bila kusimama mpaka vikapoa na kushika umbo la mguu wangu. Kwa anayetaka kuanza, nashauri: pesa zako ziende kwenye viatu na kofia, na vingine vyote nunua vilivyotumika. Viatu vipya vya daraja la juu hupita dola elfu moja, na mchezaji wa usiku hana haja navyo.

Kuna jambo la damu pia. Baada ya stenti mtu hupewa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida mpaka mwaka hivi. Kipindi hicho jeraha dogo huvuja sana na kugongwa kidogo huacha doa jeusi. Ndiyo maana sikukubali kukanyaga barafu na wenzangu mpaka daktari aliponipunguzia dawa, na hata sasa navaa kofia yenye wavu kamili usoni na kinga ya shingo ya kitambaa kisichokatika kirahisi. Watu wazima wengi walikuwa wakiidharau kinga hiyo mpaka Oktoba 2023, mchezaji wa kulipwa Adam Johnson alipokatwa shingoni na chuma cha kiatu mchezoni huko Sheffield, Uingereza, akafa. Mimi sitaki kusikia mtu akisema inamkera shingoni.

Sisemi kwamba kila mtu arudi. Mchezo huu ni mzito kwa moyo: unakimbia kwa nguvu zote kwa dakika moja au pungufu, unaketi, unaruka tena. Mwaka 2002 jarida la chama cha madaktari wa Kanada lilichapisha utafiti wa wanaume waliofungwa vipimo vya moyo wakicheza magongo ya kujifurahisha, na mapigo yao yalipanda kupita kiwango kinachoshauriwa kwa mazoezi. Jay Bouwmeester, aliyekuwa beki wa St. Louis Blues, timu ya magongo ya barafuni ya Marekani, alianguka kwenye benchi mjini Anaheim tarehe 11 Februari 2020, mara tu baada ya zamu yake. Moyo wake ulirudishwa kwa mashine ya kushtua, akawekewa kifaa, na hakucheza tena. Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe mwaka 2012 kule London. Alipona, akaacha soka. Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark, alianguka Juni 2021 mjini Copenhagen, na Februari iliyofuata alikuwa akichezea klabu ya Brentford ya Uingereza na kifaa kifuani. Mioyo mitatu, majibu matatu, na kila jibu lilitolewa baada ya kupimwa. Mimi pia nilikimbizwa kwenye tredimili, mashine ya kukimbilia papo hapo, nikiwa nimebandikwa nyaya kabla ya kuruhusiwa. Leo nacheza zamu fupi, na ikiwa siwezi kusema sentensi nzima nikiwa benchini, zamu inayofuata siingii. Saa ya mkononi siitegemei, maana betabloka inayashusha mapigo nayo itanidanganya.

Kilichowaokoa wanaume hao watatu ni watu waliokandamiza vifua na mashine iliyofika haraka. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia saba hadi kumi. Uwanjani kwetu mashine imetundikwa ukutani, mahali ambapo kila anayeingia anaiona, na inatoa maelekezo kwa sauti. Ontario, jimbo letu la Ottawa, ina sheria ya mwaka 2007 inayomkinga na mashtaka raia anayeitumia mashine hiyo kwa nia njema. Sheria hiyo ina jina la Chase McEachern, mtoto wa mji wa Barrie aliyependa magongo na aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 11 tu. Kabla ya kufa alikuwa akiomba mashine hizo ziwekwe kwenye viwanja na shule.

Nikiyasema haya nyumbani hujibiwa kwamba Ulaya na Amerika wana pesa. Sawa, wanazo. Lakini huku nako kuna upungufu unaouma. Mwaka 2024 zaidi ya watu milioni mbili Ontario hawakuwa na daktari wa familia. Hospitali ni bure, ila dawa za kumezea nyumbani, mtu wa umri wangu analipia mwenyewe au kwa bima ya kazini. Na upweke! Wodini nilipita siku nzima bila mgeni. Kwetu mjomba alikuwa na watu kumi kando ya kitanda, chupa za uji na chai zimepangwa dirishani, na kikundi cha WhatsApp cha familia kilichangisha bili yake bila yeye kujua. Lau ningeweza kuchagua mahali pa kuuguzwa, ningechagua Mombasa bila kusita. Mahali pa kupona ndipo ninapobaki na Ottawa.

Na kupona huko hakuhitaji barafu wala oveni ya viatu. Kunahitaji muuguzi au mtaalamu wa mazoezi atakayekaa na mgonjwa na mke wake, awaandikie: wiki hii tembea dakika kumi mara mbili kwa siku, wiki ijayo kumi na tano, ukipata maumivu ya kifua simama na uje. Kunahitaji watu wa nyumbani wapewe kazi ya kumsindikiza badala ya kumkalisha. Tuna ufuo, tuna asubuhi za baridi nzuri, tuna maveterani kila mtaa kuanzia Mombasa mpaka Dar es Salaam, na klabu za kukimbia zinazojaza barabara Jumamosi alfajiri. Klabu hizo hukusanya pesa za jezi na za supu. Zikusanye pia za mashine moja ya kushtua moyo, na wachezaji wote wafundishwe kukandamiza kifua: katikati, sentimita tano kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mafunzo hayo humalizika kwa siku moja.

Wala wasiseme mambo haya si yetu. Nairobi ina uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005, vijana wa Kenya Ice Lions waliletwa Kanada mwaka 2018 wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby, nyota wa magongo wa Kanada, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la magongo ya barafuni. Walioweza kulileta barafu kwenye Barabara ya Mombasa hawashindwi kutundika kijisanduku ukutani.

Mtoto wa mjomba, ambaye naye ni wa timu ya maveterani, aliwekewa stenti mwaka huu. Wiki ya kwanza mkewe alishamtafutia mnunuzi wa viatu vya mpira. Tulizungumza kwenye simu sote watatu, mpaka usiku wa manane kwao. Shemeji aliuliza maswali magumu kuliko ya daktari yeyote: akianguka je, nani atakuwa karibu, na hiyo dakika kumi ikimchosha? Nikamjibu niliyoyajua, mengine nikamwambia amuulize daktari ana kwa ana, naye akaenda na karatasi ya maswali mkononi. Sasa wanatembea pamoja ufuoni Mama Ngina, Mombasa, kila alfajiri, shemeji akiwa na simu na aspirini kwenye mkoba. Kipimo cha tredimili ni mwezi ujao. Viatu havijauzwa.