Jina la mbegu halitoshi kumhukumu mbwa

Katika mitaa ya Nakuru kama Milimani na Kiamunyi, lango lililoandikwa "Mbwa Kali" ni jambo la kawaida, na wanunuzi wengi huamini kwamba ulinzi huja pamoja na jina la jamani shepadi au rotwaila. Mbwa wa kienyeji huitwa koko hata akiwa na mwenyewe, na kilebu anayejikunyata wenzake wanapomkimbilia mgeni huachwa wa mwisho.

Hoja ya wanaochagua kwa mbegu ina uzito wake. Rotwaila akiuma, jeraha huwa kubwa kuliko la mbwa mdogo, na mzazi ana haki ya kulifikiria hilo. Kwa hofu ya namna hiyo Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 iliyowalenga piti buli na aina nyingine chache. Hata hivyo, Uholanzi, iliyokuwa na marufuku kama hayo, iliyaondoa mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba visa vya watu kuumwa havikupungua. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, uligundua kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa maoni yangu, hilo linatosha kumfanya mnunuzi aulize kwanza kilebu alilelewa vipi, tena aombe kumwona mama yake.

Suala la woga ni gumu zaidi. Wanaomkataa mbwa mwoga hawakosei kabisa, kwa sababu woga kwa kiasi fulani hurithiwa, na mbwa anayeogopa, akibanwa pembeni au akifungwa mnyororo asiweze kukimbia, huuma. Nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na mtu wa kumzoesha haifai kumchukua. Lakini woga mwingi tunautengeneza wenyewe. Kilebu huizoea dunia kwa wepesi kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14, na ndicho kipindi ambacho wengi wetu humfungia kibandani mchana kutwa, tukidhani kwamba asiyeona watu atakuwa mkali, ilhali anayekua hivyo hushtushwa na mtoto, mwavuli na bodaboda.

Madhara yake huonekana siku ya chanjo. Takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa husababishwa na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kuvikomesha ifikapo mwaka 2030, jambo linalohitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa asiyewahi kushikwa kwa upole hakamatiki, na yule aliyedharauliwa kwa kuwa ni wa kienyeji hapelekwi na mtu, hivyo daktari wa mifugo huondoka bila kuwagusa mbwa walewale wanaozurura karibu zaidi na watoto wetu.