Mfuko wa harakati chuoni uwe wazi hata kwa wapinzani wenu

Kikundi cha wanafunzi nchini Marekani kikishaamua kupigania ada ya kugharimia harakati chuoni, haraka ya kwanza huwa mabango na fulana. Mabango yasubiri. Andikeni kwanza swali la kwenye karatasi ya kura pamoja na kanuni za mfuko, na kwenye kanuni hizo wekeni wazi kwamba kikundi chochote cha wanafunzi kilichosajiliwa kinaweza kuomba fedha, hata kile ambacho msimamo wake unawachoma moyo. Mtakesha mkikusanya saini, halafu fedha ziende kwa watu mnaobishana nao kila siku? Ndiyo, baadhi zitakwenda huko, na mfuko wenu utadumu kwa sababu hiyo.

Kwa chuo cha umma, sheria haijaacha nafasi ya kuchagua. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ilikataa ada ya lazima iliyokuwa ikikusanywa Rutgers kwa ajili ya kikundi kimoja cha utetezi wa maslahi ya umma, PIRG ya New Jersey, ingawa mwanafunzi aliweza kuomba arejeshewe pesa yake. Mwaka 2000, katika kesi ya Southworth iliyotoka Wisconsin, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba chuo kinaweza kumtoza mwanafunzi ada inayosaidia vikundi asivyokubaliana navyo, mradi mgawanyo usiangalie msimamo wa kikundi. Hapo hapo ikatilia shaka kukipa au kukinyima kikundi fedha kwa kura ya maoni, kwa kuwa wengi wangewanyima wachache. Kwa hiyo msichanganye mambo: kura ya kuanzisha mfuko wa wote ni kitu kimoja, kura ya kukichotea kikundi kimoja ni kitu kingine kabisa. Chuo binafsi hakifungwi na Katiba kwa namna hiyo, lakini ningeandika kanuni zilezile hata huko.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Tuseme chuo kina wanafunzi 12,000 na mnaomba dola 6 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka. Hiyo ni dola 144,000. Kabla hamjaanza kuzipanga, ulizeni ofisi ya fedha kama kuna makato. Katika Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, ada inayopitishwa kwa kura hurudisha walau robo kwenye misaada ya masomo. Kwa makato kama hayo mnabaki na 108,000. Mkiajiri mratibu mmoja kwa mshahara na marupurupu ya jumla ya 65,000, vikundi vyote vinagawana 43,000. Halafu udahili ukishuka kwa asilimia 5, mapato yanapungua kwa 5,400, na mshahara haupungui hata senti moja. Mwaka wa kwanza msiajiri mtu wa kudumu, na wekeni akiba.

Swali lenyewe liwe sentensi moja inayosomeka kwa pumzi moja. Mfano: “Je, unakubali kila mwanafunzi atozwe dola 6 kwa muhula, kwa miaka 4 kuanzia mwaka ujao wa masomo, kugharimia mfuko ulio wazi kwa vikundi vyote vya wanafunzi vilivyosajiliwa?” Kiasi, muda, mlipaji, matumizi. Ukomo wa miaka 4 unampa mwenye wasiwasi sababu ya kukubali, kwa vile ada isiyofaa itakufa yenyewe. Amueni mapema kuhusu wanafunzi wa uzamili na wanaosoma kwa mtandao: wakitozwa, nao wapige kura. Kuwatoza watu ambao hawakuulizwa ndiko kunakozaa malalamiko kwa wadhamini wa chuo, na wadhamini ndio mara nyingi wenye neno la mwisho. Onaneni na ofisi yao muhula mzima kabla ya kura.

Saini za kuliingiza swali kwenye kura zikusanyeni zaidi ya kiwango kinachotakiwa kwa walau asilimia 40. Nyingi hufutwa: namba ya mwanafunzi imeruka tarakimu, mwandiko hausomeki, mtu kasaini mara mbili. Mahali pazuri ni ukumbi wa mhadhara. Mwandikieni mhadhiri wiki moja kabla, ombeni dakika 2 za mwanzo, na kila safu ya viti ipate karatasi yake na kalamu yake. Karatasi moja ikiachwa izunguke ukumbi wa watu 200, kipindi kitaisha haijafika katikati.

Kinachoua ada nyingi ni akidi, yaani idadi ya chini ya wapiga kura inayotakiwa ili kura ihesabike. Akidi ikiwa asilimia 20, chuo hicho cha wanafunzi 12,000 kinahitaji wapiga kura 2,400, na uchaguzi wa wanafunzi kwa kawaida huwa na wapiga kura wachache. Mpinzani mwerevu hatafanya kampeni ya “hapana”. Atakaa kimya ili watu wasipige kura. Mwiteni kwenye mdahalo. Kila kura ya “hapana” inawasogeza kwenye akidi. Siku za kura zenyewe acheni kushawishi: rudini kwenye orodha ya walioahidi, mmoja mmoja, hadi athibitishe amepiga.

Mkishinda, kamati ya ugawaji iwe na vigezo vya maandishi kabla ombi la kwanza halijaingia: bajeti imekamilika, shughuli iko wazi kwa wanafunzi wote, hakuna senti inayokwenda kwa mgombea wa kisiasa. Msiweke alama kwa umri wa kikundi au kwa fedha kilizopata miaka iliyopita. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliviondoa vigezo hivyo Wisconsin, kwa kuwa vinabeba upendeleo wa zamani. Barua ya kukataa itaje kipengele kilichotumika na itoke ndani ya siku 14, ili kikundi kiwahi kukata rufaa kabla muhula haujaisha.